Nimechomwa sindano leba na chanjo ya homa ya ini sikuimaliza: nifanye nini, na taarifa niitoe vipi?

Muuguzi wa Leba

Ndugu wanajukwaa, habari za majukumu. Mimi ni muuguzi, huu ni mwaka wangu wa pili kazini katika hospitali moja ya wilaya, na ninaandika kwa sababu nina jambo ambalo limeninyima usingizi tangu usiku wa kuamkia jana Jumatatu.

Tulikuwa wauguzi wawili na wazazi watatu leba. Ilipofika kama saa tisa usiku, mmoja wao alijifungua salama lakini akaanza kutokwa na damu nyingi, nami nikamwekea kanula, ule mrija mdogo wa mshipani, haraka ili aanze kupata maji. Nilipochomoa sindano ya kanula niligeuka kutafuta boksi la kutupia vitu vyenye ncha kali, nikakumbuka kwamba lipo kule mlangoni kwenye toroli, na kwamba tangu mchana lilikuwa limejaa hadi mdomoni. Nikaamua kuirudishia kifuniko chake kwanza. Mama akavuta mkono kwa maumivu, na ile sindano ikapita kwenye glavu ikaniingia kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Nilipovua glavu niliona tone la damu lenye ukubwa wa punje ya mtama, na damu ile ilikuwa yangu.

Nilikiminya kidole, nikakipaka spiriti, nikavaa glavu nyingine na kuendelea, kwa kuwa mama alikuwa bado anatoka damu na hapakuwa na mtu wa kunipokea. Mwenzangu niliyemweleza alitazama kadi ya kliniki ya yule mama, akaniambia kuwa imeandikwa hana VVU, kwa hiyo ninyamaze, kwani nikisema nitaandikiwa barua ya kujieleza. Nilinyamaza hadi asubuhi. Baada ya kukabidhi zamu nilimfuata tabibu mmoja wa CTC (kliniki ya tiba na matunzo ya VVU) ninayemwamini, naye akanianzishia PEP, yaani dawa za kuzuia maambukizi ya VVU baada ya ajali kama hii, saa nne asubuhi, yaani takribani saa saba baada ya ajali. Mama aliombwa ridhaa akapimwa upya, na majibu ya VVU yakatoka hasi. Lakini leo maabara wamenijulisha kwamba kipimo chake cha homa ya ini B ni chanya. Kwenye kadi yake sehemu hiyo ilikuwa haijajazwa kabisa.

Mimi nilichanjwa dozi moja tu nikiwa chuoni mwaka wa pili. Dozi zilizofuata tuliambiwa tujigharamie, na sikuzipata.

Naomba msaada wenu katika mambo matatu. Kwanza, je, muda wa kujikinga na homa ya ini umeshanipita? Pili, je, niendelee na PEP ilhali mama hana VVU? Tatu, na hili ndilo zito kwangu, je, nitoe taarifa rasmi? Mwezi uliopita mama mmoja anayefanya usafi wodini kwetu alichomwa na sindano iliyokuwa ndani ya mfuko wa taka, akanawa bombani, akaendelea na kazi. Nilimwona na sikusema neno. Sasa yamenifika mimi, na ninaona aibu kwamba sikumsemea.

Mratibu wa IPC

Mdogo wangu, pole sana, na hongera kwa kumfuata tabibu badala ya kwenda nyumbani ukalale na siri hiyo. Nimekuwa mratibu wa kinga na udhibiti wa maambukizi kwa miaka kadhaa, na nitakujibu kwa mpangilio wa kile kinachohitaji haraka zaidi, ambacho ni homa ya ini.

Muda haujakupita, lakini usilale nao usiku mwingine. Kesho asubuhi na mapema upimwe wewe mwenyewe, kwanza kujua kama tayari una kirusi hicho, na pia kama una kinga yoyote, kisha upewe dozi ya chanjo siku hiyohiyo bila kungoja majibu. Dozi uliyopata chuoni haijapotea: mfululizo wa chanjo hii ukikatika hauanzwi upya, unaendelezwa pale ulipoishia. Hii itakuwa dozi yako ya pili, na ya tatu itafuata si chini ya wiki 8 baadaye. Ipo pia sindano ya kingamwili za homa ya ini B, ambayo kwa mtu asiye na kinga hutolewa pamoja na chanjo, katika sehemu mbili tofauti za mwili. Hiyo inafaa zaidi ikitolewa ndani ya saa 24, na baada ya siku 7 manufaa yake hayana uhakika. Ni ghali na hospitali nyingi za wilaya hazina, kwa hiyo mwombe daktari apige simu hospitali ya rufaa kuuliza, lakini chanjo isisubiri majibu ya simu hiyo. Chanjo peke yake, ikianzwa mapema, bado inatoa kinga kubwa.

Ninakuhimiza hivi kwa sababu watumishi wengi wanaogopa VVU peke yake. Mtu akichomwa na sindano yenye damu ya mgonjwa mwenye VVU, uwezekano wa kuambukizwa ni kama watu 3 kati ya 1,000. Kwa homa ya ini C ni chini ya watu 2 kati ya 100. Kwa homa ya ini B, kama aliyechomwa hana kinga, ni kati ya watu 6 na 30 kwa kila 100, kutegemea wingi wa virusi katika damu ya mgonjwa. Isitoshe, kirusi hiki kinaweza kukaa juu ya meza au kwenye damu iliyokauka kwa siku 7 na bado kikaambukiza. Mwenzako aliyesoma kadi, akaona hakuna VVU na kuhitimisha kuwa hakuna hatari, alitazama hatari ndogo akaiacha kubwa. Hata hilo jibu la VVU lenyewe huenda lilikuwa la hudhurio la kwanza, miezi mingi nyuma, na ndiyo maana kumpima mama upya kulikuwa uamuzi sahihi.

Kuhusu PEP: kanuni ni kuianza mapema iwezekanavyo, ikiwezekana ndani ya saa 2, na isianzwe baada ya saa 72, kisha kumeza kila siku kwa siku 28. Mgonjwa ambaye damu yake imekuchoma akipimwa na kuonekana hana VVU, na hakuna sababu ya kudhani kwamba ameambukizwa siku za karibuni, daktari anaweza kuisitisha. Lakini usiisitishe mwenyewe, na katika hali yako kuna sababu ya ziada ambayo wengi hawaijui. Kidonge cha PEP kinachotumika siku hizi kina tenofovir na lamivudine, na dawa hizo mbili hukandamiza pia kirusi cha homa ya ini B. Ikiwa mtu tayari anaishi na kirusi hicho bila kujua, akameza dawa hizi kisha akaziacha ghafla, ini linaweza kupata shambulio kali. Kwa hiyo kipimo chako cha homa ya ini kitangulie, ndipo daktari aamue. Wakati ukiendelea kumeza, kama unatumia vidonge vya madini ya chuma au dawa za kupunguza asidi tumboni, mweleze daktari, kwani zinaingiliana na dolutegravir, dawa ya tatu iliyomo katika kidonge hicho.

Nikutoe hofu kidogo hapa. Mtu mzima anayeambukizwa homa ya ini B, mara nyingi, zaidi ya watu 95 kati ya 100, mwili wake huishinda. Ni kwa watoto wachanga ambapo hali inageuka, kwani kama 90 kati ya 100 wanaoambukizwa hubaki nayo maisha yote. Kwa hiyo ninakuomba jambo moja ambalo hukuliuliza: hakikisha mtoto wa mama yule anachanjwa. Shirika la Afya Duniani linashauri dozi ya kwanza ndani ya saa 24 tangu kuzaliwa, na kama zimepita, apewe mara moja badala ya kuachwa. Mama naye apelekwe kliniki ya ini, na aambiwe kwamba anaweza kunyonyesha.

Mwisho, kukiminya kidole na kukipaka spiriti siyo ushauri wetu. Kidole huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka, basi. Kuminya hakutoi virusi, na spiriti au jiki huchubua ngozi bure. Hilo limeshapita na halikuharibu kitu, nalisema kwa faida ya wengine watakaosoma.

Taarifa utoe, na utoe kesho.

Muuguzi Mfawidhi

Ninaungana na Mratibu katika yote ya tiba. Hata hivyo, kama mtu ninayesimamia wodi, naomba tusiliruke jambo moja. Chuoni tunafundishwa sote kwamba sindano iliyotumika hairudishiwi kifuniko, na dada yetu anakiri kwamba alikirudishia. Tukisema kila ajali ni kosa la mfumo, tutawafundisha vijana kwamba kanuni hazina uzito. Mimi nimewahi kumwandikia mtumishi barua kwa kosa kama hilo, na sikufanya hivyo kwa chuki. Nilitaka asirudie, kwa sababu mara ya pili huenda asiwe na bahati. Nasema haya kwa heshima, na ninampa pole dada kwa dhati.

Mteknolojia Mstaafu

Wanangu, nimekaa maabara miaka 31, na damu za watu nimezishika kuliko nilivyoshika vitabu. Mfawidhi, nia yako naiheshimu, lakini naomba usome tena aya ya pili ya binti huyu taratibu. Boksi lilikuwa mlangoni. Boksi lilikuwa limejaa hadi mdomoni. Wauguzi walikuwa wawili kwa wazazi watatu, mmoja wao anatoka damu. Sasa niambie, sindano hiyo angeipeleka wapi? Angeiweka kitandani karibu na mapaja ya mama? Angeishika mkononi huku akipita gizani kuelekea mlangoni? Alichagua lililo baya kati ya mabaya matatu, na aliyempangia mabaya hayo matatu ni yule aliyepaswa kubadilisha boksi mchana.

Boksi la sindano hufungwa likifika robo tatu. Lile la kadibodi la lita 5 huchukua bomba za sindano kama 100, kwa hiyo leba yenye kazi inaweza kulijaza kabla ya wiki kuisha, na anayetoa maboksi stoo anapaswa kulijua hilo bila kuombwa. Tena boksi halikai mlangoni. Linakaa pale mkono wa anayechoma unapofika bila kupiga hatua, na mdomo wake uonekane bila kuinama. Katika maabara yetu tulikuwa tukichomwa mara kwa mara hadi siku tulipofunga kishikizo cha waya ubavuni mwa kila kiti cha kutolea damu, boksi likaning'inia hapo. Hatukufanya semina wala hatukuandika barua, na kuchomwa kukawa jambo la nadra.

Na ikitokea kwamba hakuna namna ila kurudishia kifuniko, basi kifuniko kilale juu ya meza, mkono mmoja tu ushike sindano na kukichota, na mkono wa pili uwe nyuma ya mgongo. Nawaambia vijana waweke mkono mgongoni kabisa, kwa sababu mkono ulioachwa wazi hujipeleka wenyewe kusaidia.

Nikupe na historia moja ambayo hunijia kila ninaposikia neno uzembe. Mwaka 1976, katika hospitali ya misheni ya Yambuku, nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ugonjwa wa Ebola ulipoonekana huko kwa mara ya kwanza, wauguzi walikuwa wakipewa bomba na sindano 5 kila asubuhi, zitumike kwa wagonjwa wa nje, kliniki ya wajawazito na waliolazwa. Kati ya mgonjwa na mgonjwa ziliweza kusuuzwa tu kwenye maji ya vuguvugu. Ugonjwa ulienea kwa sindano hizo, na kati ya watumishi 17 wa hospitali ile 11 walifariki, hospitali ikafungwa. Mtu anaweza kusema kwamba wauguzi wale walivunja kanuni za usafi. Ni kweli zilivunjwa. Lakini walipewa sindano 5.

Barua yako, Mfawidhi, ina matokeo mengine ambayo huyaoni ukiwa ofisini, nayo ni kwamba mtumishi wa pili akichomwa hatakuja kwako. Atanyamaza kama binti huyu alivyoambiwa anyamaze, na saa za PEP zitapita akiwa kimya.

Mama wa Usafi

Naomba na mimi niseme, ingawa sikusoma uuguzi. Ninafanya usafi hospitalini kupitia kampuni, siyo hospitali anayofanya kazi muuguzi huyu. Naomba mjue kwamba sindano mnayoiweka mahali pasipo pake huwa haiishii hapo. Mfuko mwekundu au wa njano ukiwa umejaa, sisi tunaubeba kwa kuuning'iniza, na unagonga mguu kila hatua. Niliwahi kuchomwa kwenye muundi wa mguu kupitia gauni, nikiwa nimeushusha mfuko ngazi nzima ya ghorofa moja. Sikujua ni sindano ya nani wala ya lini. Tangu siku hiyo ninaubeba kwa kuunyoosha mkono mbali na mwili hadi bega linauma, na buti za plastiki nilizinunua mwenyewe.

Hakuna aliyewahi kuniambia kuhusu chanjo. Nilidhani ni ya wauguzi na madaktari. Je, mtu kama mimi ninaweza kuipata?

Mratibu wa IPC

Dada, shukrani kwa kuandika. Chanjo ni haki yako kama ilivyo kwa daktari, kwani damu unayokutana nayo ni ileile. Nenda ukapime homa ya ini B kwanza, na ukikutwa huna, uchanjwe dozi 3: ya leo, ya baada ya mwezi 1, na ya baada ya miezi 6 tangu ile ya kwanza. Mwezi mmoja au miwili baada ya dozi ya mwisho uombe kipimo cha kuona kama kinga imejengeka, maana wapo wachache ambao miili yao haiitikii. Watu wengi wa umri wetu hawakuchanjwa utotoni, kwani chanjo hii iliingia katika ratiba ya watoto hapa Tanzania mwaka 2002.

Kuhusu mwajiri wako, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri akupe vifaa vya kujikinga bila kukutoza, buti zikiwemo. Kampuni ya usafi ni mwajiri kamili, na kwa Tanzania Bara inawajibika kukuchangia katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Ukichomwa kazini, dai lako linaanzia kwenye taarifa iliyoandikwa siku ile. Hapo ndipo ninapomrudia muuguzi wa leba: kama taarifa haipo, na Mungu aepushe, miezi sita baadaye kipimo kikabadilika, hakuna atakayeweza kuonyesha kwamba uliambukizwa kazini. Kipimo cha siku za mwanzo kinachoonyesha kwamba ulikuwa salama ndiyo hati yako. Andika saa, mahali, aina ya sindano, ulikuwa ukifanya nini, na boksi lilikuwa wapi. Usiandike maneno ya kujilaumu wala ya kumlaumu mtu. Jina la mama mgonjwa lisitajwe mahali ambapo halihitajiki.

Yule mama wa usafi wa wodini kwako aliyechomwa mwezi uliopita, saa 72 za PEP zimempita, lakini vipimo na chanjo havijampita. Nenda naye.

Muuguzi Mfawidhi

Nimesoma na nimetafakari, hasa neno la mzee kuhusu saa zinazopita mtu akiwa kimya. Nilipoingia wodini leo nilihesabu maboksi. Yapo manne, na mawili yamevuka mstari wa kufungia. Sikuwa nimeyatazama. Mtumishi niliyemwandikia barua nitamwita.

Muuguzi wa Leba

Wakubwa zangu, nawashukuru wote, na naomba niwape mrejesho wa leo Jumatano.

Nilifika saa moja na nusu asubuhi kwa matroni nikiwa nimeandika taarifa kama nilivyoelekezwa, ukurasa mmoja. Nilitetemeka kumkabidhi. Aliisoma akiwa amesimama, akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama nimekunywa chai. Hakuna barua niliyopewa. Nimepimwa, sina kirusi na sina kinga ya kutosha, na dozi ya pili nimechomwa saa tatu. Sindano ya kingamwili imepatikana hospitali ya rufaa na inaletwa na gari la wagonjwa linalorudi leo jioni, hivyo nitakuwa bado ndani ya siku 7. Daktari amesema nimalize PEP kwa sasa, tutazungumza tena Ijumaa. Mtoto naye amechanjwa, nilikuwepo.

Rejesta ya ajali za kazini ilitafutwa ikapatikana chini ya kabati la dawa. Kabla ya jina langu ukurasa ulikuwa mtupu. Yule mama wa usafi alisita kuingia ofisini, akasema ataonekana mlalamishi, kwa hiyo niliingia naye na matroni mwenyewe akamwandika. Damu yake imechukuliwa, na majibu yake tutayafuata pamoja saa nane.

Boksi la leba limehamishiwa kichwani mwa kitanda. Usiku wa leo nipo zamu.